KAWIA UFIKE: WANAKANDANDA WA AUSTRALIA WALIOCHELEWA KUNG'ARA

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha, na wengi wetu tumeigeuza kuwa sheria. Timu ya shule ikichaguliwa, macho yote humwangukia mvulana wa kidato cha kwanza mwenye mbio, ikasemwa huyu ndiye. Mwenzake aliye mzito kidogo huambiwa akae kando ashangilie. Akifika kidato cha tatu, ukimwita uwanjani atakujibu, "Mimi? Wakati wangu ulishapita." Kijana wa miaka kumi na saba, jamani, ati wakati wake ulishapita!

Lakini wahenga hao hao walinena pia: kawia ufike. Sasa tushike lipi, tuache lipi? Katika makala haya nimeamua kulijibu swali hilo kwa kuutumia mchezo ambao hapa kwetu hatuuchezi, yaani kandanda ya Australia. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kumbukumbu zake zimewekwa vizuri kwa zaidi ya miaka mia moja, hivi kwamba unaweza kujua mchezaji fulani alifunga magoli mangapi, mwaka gani, akiwa na umri gani. Pili, ni mchezo wa mbio, kuruka na kugongana. Huko ndiko tungetarajia vijana peke yao watawale na wazee watupwe nje mapema. Kumbe mambo hayaendi hivyo kila mara.

MCHEZO WENYEWE

Kabla sijawataja mashujaa wangu, hebu tuuelewe mchezo. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa mjini Melbourne mwaka 1859. Uwanja wake ni wa duaradufu, na viwanja vingi huchezewa kriketi pia. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani kwa wakati mmoja. Mpira wenyewe una umbo la yai, unafanana na ule wa raga. Mchezo hugawanywa katika robo nne.

Kila upande kuna milingoti minne iliyosimama wima, bila mti wa juu wala wavu. Mpira ukipigwa teke ukapita katikati ya ile miwili mirefu, hilo ni goli, nalo lina alama 6. Ukipita kati ya mlingoti mrefu na mfupi ulio pembeni, timu hupata alama 1 tu. Mchezaji anaweza kupiga teke, au kuushika mpira kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mwingine ili umfikie mwenzake. Kuurusha kama tunavyorusha katika mpira wa vikapu ni makosa. Akikimbia nao, ni lazima audundishe au auguse chini angalau mara moja kila mita 15.

Kuna kanuni moja ambayo naomba uishike sana, maana nitairudia. Mchezaji akiudaka mpira uliopigwa teke na mtu mwingine na kusafiri mita 15 au zaidi bila kuguswa njiani, mchezo husimama. Hakuna wa kumwangusha. Anarudi nyuma kidogo, anavuta pumzi, kisha anapiga teke lake kwa utulivu. Akiwa amedakia karibu na milingoti, basi ana nafasi nzuri ya goli.

Ligi kuu ilianza kuchezwa mwaka 1897 ikiwa ligi ya jimbo la Victoria, na mwaka 1990 ikapewa jina la ligi ya Australia nzima, kwa kifupi AFL. Tuzo inayoheshimiwa kuliko zote kwa mchezaji mmoja ni medali ya Brownlow, ambayo imetolewa tangu mwaka 1924. Waamuzi wenyewe hupiga kura baada ya kila mechi: kura 3 kwa aliyewapita wote, 2 kwa wa pili, 1 kwa wa tatu. Mfungaji bora naye hupewa medali ya Coleman. Tukishajua hayo, twende kazini.

WAWILI WA MWAKA 1981

Bernie Quinlan na Barry Round walianza pamoja katika ligi kuu mwaka 1969, wote wakiichezea klabu ya Footscray. Walikuwa vijana wazuri, lakini hakuna aliyewaita wafalme. Round aliondoka akaingia South Melbourne mwaka 1976. Quinlan naye alihamia Fitzroy mwaka 1978. Watu wa Footscray wakaendelea na mambo yao.

Mwaka 1981, kura za Brownlow zilipohesabiwa, wawili hao walitoka sare kwa kura 22 kila mmoja, na wote wawili wakavishwa medali. Quinlan alikuwa na miaka 30, Round 31. Watu waliokuwa timu moja miaka kumi na miwili nyuma, kila mmoja akapanda ngazi kwa njia yake, wakakutana kileleni usiku mmoja!

Wacha nikuambie lililofuata, maana hapo ndipo utamu ulipo. Quinlan alikuwa na mguu wenye teke refu ajabu. Fitzroy ikamweka karibu na milingoti ya wapinzani, mahali ambapo kazi yake kubwa ilikuwa kudaka na kufunga. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 32, alifunga magoli 116 katika msimu mmoja. Mwaka uliofuata akafunga 105. Miaka yote miwili akatwaa medali ya Coleman.

Tupige hesabu kidogo, wapenzi wa hisabati mnisikilize. Footscray alicheza mechi 177 akafunga magoli 241. Hiyo ni chini ya goli moja na nusu kwa mechi. Fitzroy alicheza mechi 189 akafunga 576, yaani zaidi ya matatu kwa mechi. Nusu ya pili ya maisha yake ya uwanjani ilizaa zaidi ya mara mbili ya nusu ya kwanza. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

ABLETT WA GEELONG

Mfano wa pili ni Gary Ablett, yule baba, kwa kuwa mwanawe mwenye jina hilo hilo naye alikuja kuwa nyota. Sitamwongopea msomaji: Ablett hakuwa mtu asiyejulikana. Katika fainali ya mwaka 1989 alifunga magoli 9 peke yake, ingawa timu yake ya Geelong ilishindwa na Hawthorn kwa alama 6. Wakati huo alikuwa akicheza huku na huko, mara pembeni, mara mbele.

Mapema mwaka 1991 alitangaza kustaafu. Kabla mwaka haujaisha, alikuwa amerudi uwanjani. Kisha mwaka 1993 kocha wake, Malcolm Blight, akamweka karibu na milingoti. Mwaka huo Ablett alifunga magoli 124. Mwaka 1994 akafunga 129. Mwaka 1995 akafunga 122. Jumla ni magoli 375 kwa misimu mitatu, mchezaji akiwa na miaka 31, kisha 32, kisha 33. Medali ya Coleman aliitwaa mara tatu mfululizo. Mtu aliyekuwa ameshaaga ndiye aliyewanyima usingizi mabeki wa Australia nzima.

NAHODHA MZEE

Michael Tuck wa Hawthorn ni kisa cha aina nyingine. Yeye hakujulikana kwa magoli mengi wala kwa medali ya Brownlow, ambayo hakuipata kamwe. Alijulikana kwa kutokosekana. Alianza mwaka 1972, akafanywa nahodha mwaka 1986. Alizaliwa mwezi wa Juni mwaka 1953, kwa hiyo alikuwa anakaribia miaka 33, umri ambao wengi huwa wameshaweka viatu kabatini.

Sasa tazama. Tuck alishinda ubingwa mara 7, na mara 4 kati ya hizo akiwa nahodha: mwaka 1986, 1988, 1989 na 1991. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya mwaka 1991, ambapo Hawthorn iliilaza West Coast kwa alama 53. Aliondoka na kikombe mkononi akiwa na miaka 38 na mechi 426. Hakuna aliyekuwa amecheza mechi nyingi kuliko hizo, na rekodi hiyo ilidumu miaka 25, hadi Brent Harvey wa North Melbourne alipoivunja mwaka 2016. Harvey mwenyewe naye alikuwa na miaka 38.

WALIOPITWA KWENYE MCHUJO

Hadi hapa nimewataja walioingia ligi kuu mapema wakakomaa wakiwa ndani. Kuna wengine ambao hata mlango hawakufunguliwa. Tangu mwaka 1986 klabu za ligi kuu huwachagua chipukizi kwa zamu, na klabu iliyoshika mkia ndiyo hutangulia kuchagua. Wengi wa wanaochaguliwa ni vijana wa miaka 18, wametoka shuleni juzi. Asiyechaguliwa hurudi kwenye ligi za majimbo, na wengi husahaulika huko.

Matthew Priddis alikuwa mmoja wa waliopitwa. Walisema hana mbio. Aliendelea kuichezea Subiaco katika ligi ya Australia Magharibi, hadi klabu ya West Coast ilipomwandikisha katika orodha ya wanagenzi, ile ya chini kabisa. Alianza ligi kuu mwaka 2006. Mbio hazikuja, na wala hakuzingoja. Kazi yake ikawa kuingia pale mpira ulipo na miili imerundikana, kuutoa na kuwapa wenzake. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 29, alipata kura 26 na kutwaa medali ya Brownlow. Waswahili husema jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu aliwika, tena mchana kweupe.

James Podsiadly alichelewa zaidi. Alikuwa amepita katika klabu mbili za ligi kuu akiwa mwanagenzi, bila kupewa mechi hata moja. Baadaye akafanya kazi katika klabu ya Geelong akiwasaidia wachezaji kufanya mazoezi ya mwili. Hebu fikiria: unawaandaa wengine wakacheze, nawe umebaki kukunja mikeka! Mwaka 2010 klabu ile ile ikampa jezi, naye ana miaka 28. Msimu huo wa kwanza alifunga magoli 49. Mwaka 2011 Geelong ikawa bingwa naye akiwemo katika kikosi cha fainali, ingawa aliumia bega akatolewa kabla ya mechi kumalizika.

Mason Cox, Mmarekani mwenye urefu wa sentimita 211, alikuwa mchezaji wa mpira wa vikapu chuoni. Aliingia Collingwood mwaka 2014 akiwa na miaka 23, bila kuujua mchezo wenyewe. Mwaka 2016 alicheza mechi yake ya kwanza, na teke lake la kwanza likawa goli. Mwaka 2023, akiwa na miaka 32, alikuwa katika kikosi kilichoishinda Brisbane kwa alama 4 katika fainali.

MTOTO WA KAKUMA

Nimemweka huyu peke yake kwa sababu alianzia safari hapa kwetu. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini. Alipelekwa Australia akiwa mtoto. Wenzake wa huko huwekewa mpira wa umbo la yai mkononi wakiwa bado wanatambaa. Yeye aliujua akiwa ameshakua.

Klabu ya Sydney ilimchagua mwaka 2013, lakini ilibidi asubiri hadi mwaka 2016 kucheza mechi ya kwanza ya ligi kuu. Mwaka huo timu ilifika fainali, naye akaikosa kwa sababu ya jeraha la goti. Baada ya msimu wa 2020 alihamia Port Adelaide. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza huko, akateuliwa katika kikosi cha heshima cha wachezaji bora wa ligi nzima, akiwa beki. Umri wa miaka 26 si uzee, nakubali. Lakini ukiuhesabu umbali wa kutoka Kakuma hadi pale, utaona kwamba saa ya kila mtu haianzi kuhesabiwa mahali pamoja.

KWA NINI HUCHELEWA?

Nikiyatazama maisha ya wachezaji hawa, naona sababu nne.

Mosi, kuna vinavyopungua na kuna vinavyoongezeka. Mbio hupungua. Lakini kujua mpira utaangukia wapi, kumsoma mpinzani, na kutulia wakati watu maelfu wanapiga kelele, hayo huongezeka. Travis Boak wa Port Adelaide alishika nafasi ya pili katika kura za Brownlow mwaka 2020 akiwa na miaka 32, tena akicheza katikati ya uwanja, mahali ambapo mtu hukimbia zaidi ya kilomita kumi kwa mechi.

Pili, mahali pa kuchezea. Hapa ndipo ile kanuni ya kudaka inaporudi. Mshambulizi aliye karibu na milingoti hahitaji kuzunguka uwanja mzima. Anahitaji hatua chache za ghafla, muda mzuri wa kuruka, mikono imara, na kisha teke la utulivu ambalo hakuna wa kumzuia. Vitu hivyo havizeeki upesi kama mapafu. Quinlan na Ablett hawakupewa miguu mipya, walihamishwa tu.

Tatu, mahali pa kuishi. Brian Lake alikuwa beki wa Western Bulldogs kwa miaka mingi. Alihamia Hawthorn mwishoni mwa msimu wa 2012, na katika fainali ya mwaka 2013 akapewa medali ya mchezaji bora wa mechi akiwa na miaka 31. Alishinda ubingwa misimu mitatu mfululizo. Mche mzuri ukipandwa mahali pabaya hudumaa. Uhamishe uone.

Nne, watu warefu na wazito huchelewa kukomaa. Mtu wa sentimita 200 huhitaji miaka ili mwili ujae na miguu ijue kuubeba. Akipimwa akiwa na miaka 16 huonekana mzembe, kumbe bado anajengwa. Usione vyaelea, vimeundwa.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Najua kuna msomaji anayekuna kichwa akisema, "Huyu mwandishi ametuchagulia wachache wa kupendeza." Swali ni la haki, na nitalijibu. Ni kweli kwamba wachezaji wengi wa kandanda ya Australia huwa bora katika miaka ya ishirini na kitu, kisha hushuka. Ni kweli pia kwamba wanaobaki hadi miaka 32 ni wale ambao klabu ziliona zinawahitaji. Wengine walishakwenda nyumbani, na hatuwahesabu. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akidai kwamba kuchelewa kwenyewe ndiko kunakoleta ushindi. Kulala kitandani hadi miaka 28 hakutakufanya Podsiadly.

Tena chunguza utaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amekaa bure. Quinlan alikuwa akicheza. Priddis alikuwa akicheza Subiaco. Podsiadly alikuwa mazoezini kila siku, ijapokuwa ni mazoezi ya wengine. Kuchelewa kung'ara ni kitu kimoja, kuchelewa kuanza kazi ni kingine. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, lakini ni lazima kamba iwe inavutwa.

KWA HIYO?

Turudi kwenye zile methali mbili. Kwa maoni yangu zote ni za kweli, ila kila moja ina mahali pake. Nyota njema huonekana asubuhi, naam, lakini hakuna aliyesema nyota zote hutoka saa moja. Anayetazama angani mara moja tu, kisha akafunga dirisha, ataikosa ya jioni.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wetu wa michezo na manahodha wa timu. Mchujo usifanywe mara moja katika kidato cha kwanza na kumalizika. Ufanywe kila mwaka, kwa vidato vyote, na aliyeachwa jana aruhusiwe kujaribu leo bila kuchekwa. Kisha wajaribiwe mahali tofauti uwanjani. Labda yule mnayemwona winga mbovu ni beki mzuri aliyekosa mtu wa kumhamisha.

Kwako wewe mwenzangu unayeshika mkia, uwanjani au darasani, sikuambii kwamba ushindi wako umeandikwa. Hakuna ajuaye hilo. Ninachokuambia ni kwamba mwaka 2005 watu waliojua kazi yao walimtazama Priddis wakaona mchezaji asiye na mbio, na miaka tisa baadaye waamuzi walimwona bora kuliko wote. Wapimaji ni watu, na kipimo cha leo ni cha leo. Shika kamba yako uvute. Kawia, lakini ufike.